Mfua shuka aliyekataa kumuuza wifi yake kwa laki nne

Shuka inatoka kwenye kikaushio ikiwa na unyevu kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Bi Pasi anashika pembe mbili, mwenzake anashika pembe mbili, wanaikung'uta mara moja mpaka inalia kama kofi, kisha wanaiingiza kwenye mdomo wa mashine ya kunyoosha. Rola la chuma lenye moto linaimeza. Upande wa pili inatoka bapa na nyeupe, na mwanamke wa tatu anaikunja kabla haijapoa.

"Vidole nyuma," anasema Bi Pasi bila kumtazama mtu. "Hii haina rafiki."

Ni asubuhi katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa. Mvuke umefunika madirisha, na kelele za mashine zinamlazimu kila mtu kuzungumza kama anagombana. Bi Pasi ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia humu. Jina hilo walimpa wenzake, na siku hizi hata mhasibu wa hospitali humwita hivyo hivyo.

Kifuani mwa gauni lake la bluu, upande wa kushoto, kuna namba ya tarakimu nne iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Kila mfanyakazi wa hapa ana yake. Magauni yao hufuliwa humu humu, kwa mafungu, na pasipo namba hakuna ambaye angejua lipi ni la nani.

Mpaka mwaka jana, namba hiyo ilikuwa pia namba ya siri ya kadi yake ya benki.

Hakuwa peke yake. Hospitali ilipoacha kulipa mishahara kwa bahasha, benki ilimleta mtu wake mpaka humu ndani, kati ya makapu ya shuka, akawagawia wafanyakazi kadi na kuwaambia kila mmoja achague namba ambayo hataisahau.

"Tukaangaliana vifua," anasema mwenzake wa mashineni, mwanamke mwembamba ambaye wenzake humwita Redio kwa kuwa hazimiki. "Tulikuwa thelathini na mmoja. Wote tuliweka namba ya gauni, isipokuwa mmoja. Na huyo si kwamba alikuwa na akili kutushinda. Gauni lake lilikuwa bado halijashonwa namba."

Mashine ya ATM iliyo karibu iko kwenye kituo cha mafuta, ng'ambo ya lango la hospitali. Siku ya mshahara wanawake hao walivuka barabara wakati wa mapumziko, wamevaa magauni yao ya kazi, wakapanga foleni. Wengine, wakifika mbele ya mashine, waliinamisha kidevu wakasoma kifua kabla ya kubonyeza.

Mtu yeyote aliyesimama pale siku mbili tatu za mshahara angeliona hilo. Kuna mmoja aliliona.

Bi Pasi anamkumbuka vizuri: kijana wa shati safi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, sauti ya upole. Mashine ilikuwa imerudisha kadi yake mara mbili.

"Akaniambia, 'Shikamoo mama. Hii mashine leo inasumbua, kadi zinataka kufutwa vumbi kidogo.' Nikamwitikia marahaba, nikampa. Akaifuta kwenye mkono wa shati, akanirudishia. Nikasema huyu kalelewa."

Kadi aliyorudishiwa ilikuwa ya benki ile ile, rangi ile ile. Haikuwa yake. Alibonyeza namba, mashine ikakataa, kijana akamshauri ajaribu kesho kwa sababu mtandao uko chini. Bi Pasi akavuka barabara kurudi kazini.

Ujumbe wa kwanza uliingia akiwa bado langoni: zimetolewa laki tatu. Hapo ndipo alipoitoa kadi mfukoni na kuisoma. Jina lililoandikwa lilikuwa la mwanamume asiyemjua.

Alipiga simu huduma kwa wateja. Alisikilizishwa muziki zaidi ya dakika kumi, anasema, huku Redio akimpepea kwa foronya. Mwishowe alipokelewa, akajieleza, akaulizwa maswali, akajibiwa kwamba kadi imefungwa. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Akashusha pumzi.

Kisha ukaingia mwingine: laki tatu. Na mwingine: laki mbili.

Kwa mshahara wake wa laki tatu na nusu kwa mwezi, laki nane zilikuwa zimemchukua zaidi ya miaka miwili kuziweka. Zilikuwa kodi ya awali ya chumba kimoja kwenye barabara ya sokoni, chumba chenye bomba ndani, ambako alikusudia kuanza kufua kwa malipo shuka za nyumba za wageni. Mwenye chumba alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi.

Lakini Bi Pasi akisimulia kisa hiki, hakai sana kwenye chumba. Anakaa kwenye yaliyotokea nyumbani kwake jioni ile.

Anaishi na mumewe, fundi wa makochi, na dada wa mumewe, ambaye alikuwa amehamia kwao baada ya duka alilokuwa akiuza kufungwa. Kwamba mawifi hawa wawili hawaivi chungu kimoja, si siri. Waliwahi kununiana wiki nzima kwa sababu ya ufagio.

Mume alisikiliza kisa chote, kisha akauliza swali moja. Kadi ilibadilishwa, sawa. Lakini kadi bila namba ni plastiki tu. Namba huyo mwizi aliipata wapi?

"Nilimwambia sijui," anasema Bi Pasi. "Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata yeye mwenyewe mume wangu. Akasema basi kuna aliyeiona. Nani hutembea na wewe mpaka kwenye mashine? Nikasema wifi aliwahi kunisindikiza. Hapo yakawa yamekwisha."

Wifi alikuwa na viatu vipya wiki hiyo. Kaka yake alimtaka alete begi lake sebuleni, alifungue mbele yake. Majirani walisikia. Wifi alilifungua, akatoa kitu kimoja kimoja, akakipanga sakafuni mpaka begi likabaki tupu, akarudisha vyote, akalifunga na kuondoka nalo kwenda kwa rafiki yake.

"Nilimwambia kaka yangu, bado soli za viatu, hujazipasua," anasema wifi mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye macho makali na kicheko cha ghafla. "Viatu nilinunua kwa pesa ya kusuka nywele. Lakini ukishaambiwa fungua begi, hata ukiwa na risiti, ni ya nini?"

Kesho yake Bi Pasi aliomba ruhusa kazini akaenda benki na gauni lake la kazi. Msichana wa mapokezi alimkalisha na kuanza kujaza taarifa zake kwenye kompyuta: jina, simu, mahali pa kazi. Alipofika kwenye namba ya utumishi hakumuuliza. Aliinua macho, akaisoma kifuani mwa gauni, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti.

"Nilijitazama kifuani," anasema Bi Pasi. "Miaka yote naificha kwa mkono, nageuka huku na huku kuangalia nani yuko nyuma yangu. Kumbe mbele nimeiandika kwa uzi mwekundu."

Angeweza kunyamaza. Alimwambia msichana pale pale: hiyo unayoandika ndiyo namba yenyewe. Akaeleza na foleni, na videvu, na mambo yote.

Msichana alimpeleka kwa ofisa wa malalamiko. Bi Pasi anakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno, na Redio anayakumbuka zaidi, ingawa hakuwapo.

"Mama, nyumbani unaishi na nani?"

"Mume wangu na wifi yangu."

"Wifi anafanya kazi gani?"

"Kwa sasa hana kazi."

Ofisa alitikisa kichwa kama daktari aliyeuona ugonjwa. "Mara nyingi huwa ni watu wa nyumbani, mama."

Baada ya wiki tatu aliitwa tena. Benki ilikuwa tayari kumrudishia nusu, laki nne, kwa nia njema. Sharti lilikuwa kutia saini maelezo yenye sentensi moja iliyomsimamisha: kwamba mteja alimfichulia namba ya siri mtu wa nyumbani kwake.

"Nikamwambia, mwanangu, kosa langu ninalijua, nimekuletea mwenyewe mkononi. Nilichagua namba mbaya na nikampa mtu kadi yangu. Hayo andika, nitasaini hata mara mbili. Lakini hili la mtu wa nyumbani umelitoa wapi?"

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Yapo kwa kila mteja."

"Kama ni ya kawaida, weka jina la mama yako."

Ofisa hakuweka. Bi Pasi hakusaini. Akatoka bila hata senti.

Kazini walimshangaa. Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika, na mwenye chumba cha bomba alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine funguo. Redio alimsema mbele ya watu, juu ya kelele za mashine.

"Bi Pasi, nusu shari kuliko shari kamili. Laki nne si mate. Halafu wifi mwenyewe ni yule yule wa ufagio!"

"Ndiyo, ni yule yule."

"Sasa unamgombea nini?"

"Wifi yangu ana mdomo, mkono hana," alijibu Bi Pasi. "Nikisaini, nimeandika ana mkono. Na karatasi haifi, Redio. Mimi nitakufa, yeye atakufa, karatasi itabaki inasema yeye ni mwizi."

Siku hiyo hiyo alifanya jambo la pili ambalo wenzake hawakulitarajia. Wakati wa chai alisimama kati ya makapu akawaeleza wote jinsi alivyoibiwa, pamoja na sehemu ya kuaibisha. Alipotaja namba ya kifuani, wanasema waliokuwapo, mikono ikaanza kupanda moja moja, kila mtu anaziba kifua chake.

"Ungedhani tumevuliwa nguo," anasema Redio. "Mimi nilikimbilia ATM na chai mkononi."

Kabla ya wiki kwisha, wote walikuwa wamebadili namba. Hospitali iliombwa iondoe namba kwenye gauni ikakataa, kwa sababu ile ile ya kufua kwa mafungu, na Bi Pasi anasema hospitali ina haki. "Gauni halikukosea. Gauni kazi yake ni kujulikana. Namba ya siri ndiyo haikutakiwa kuvaa gauni."

Leo foleni ya magauni ya bluu kwenye kituo cha mafuta ina adabu nyingine. Anayetoa pesa huziba vibonyezo kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine, na anayefuata husimama mbali na kumpa mgongo. Kadi haishikwi na mtu mwingine, hata mwenzako wa mashineni, hata awe amevaa kitambulisho cha aina gani. Ikirudi mkononi, jina husomwa kabla ya kuondoka. Mashine ikiimeza, mwenye kadi habanduki pale mpaka amepiga simu, na namba ya benki iko kwenye simu ya kila mmoja, si ya kutafutwa kwenye kuta wakati moyo unadunda. Mwanamume mmoja aliyejaribu kumsaidia mkunja shuka mwezi uliopita alizomewa na foleni nzima. Ilibainika kuwa alikuwa mhudumu wa kituo cha mafuta, mwenye nia njema kabisa. Hawakumwomba radhi.

Upande wa nyumbani ulichukua muda zaidi. Bi Pasi alimfuata wifi yake kwa yule rafiki siku alipotoka benki mara ya kwanza.

"Alinikuta nasuka mtu," anasema wifi. "Nikamwuliza, umekuja kunikagua na meno?"

"Nikamwambia namba nilikuwa nayo kifuani, wewe huhusiki," anasema Bi Pasi. "Akanijibu, mimi nilijua sihusiki, nenda kawaambie waliosikia."

Ilikuwa hoja ya haki. Begi lilifunguliwa mbele ya masikio ya watu, basi na kurudi kwake kuwe mbele ya macho yao. Bi Pasi alimpeleka mumewe. Fundi wa makochi alilibeba begi la dada yake kichwani, mchana kweupe, njia nzima, na alitakiwa kumjibu ukweli kila aliyemuuliza anahamia wapi.

"Hesabu yangu ilikuwa sawa," anasema fundi huyo, ambaye hapendi kuzungumzia jambo hili na hulizungumza akiwa ameng'ata misumari. "Sikujua tu kwamba mke wangu anatembea na jibu kifuani."

Zikabaki fedha, na ile sentensi.

Silaha ya Bi Pasi ilikuwa simu yake. Hafuti ujumbe hata mmoja. Imejaa mpaka inakataa picha. Ndani yake ujumbe ulikuwa umejipanga kwa mfuatano usiobishaniwa: laki tatu zimetoka, kadi yako imefungwa, laki tatu zimetoka, laki mbili zimetoka. Na ujumbe wote, pamoja na ule wa kufunga kadi, ulitoka benki.

"Niliwaambia, mmeniandikia wenyewe kwamba mlango umefungwa. Mbona mwizi anaendelea kutoka na viti?"

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mfumo huchelewa. Jibu la pili lilikuwa kwamba shauri lake linashughulikiwa. Alipeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia mabenki, na huku akaendelea kwenda tawini kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, wima, pochi magotini. Mlinzi alimpa jina lake la pili.

"Bi Alhamisi, umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Wao wameamka?"

Miezi mitano ilipita. Katikati yake benki ilimpigia simu kumkumbusha kwamba ile nusu bado ipo, asaini tu. Hesabu haikuwa ngumu: alikuwa anapewa laki nne leo kwa sentensi ya uongo, au laki tano siku isiyojulikana kwa ukweli, au asipate chochote. Mumewe alimwambia aamue mwenyewe. Redio alimwambia ana kichwa kigumu kuliko rola. Bi Pasi aliiambia sauti ya kwenye simu kwamba atakuja Alhamisi.

Mwezi uliopita laki tano ziliingia kwenye akaunti yake: fedha zote zilizotolewa baada ya kadi kutangazwa kuwa imefungwa. Hakutia saini popote. Laki tatu za kwanza hakuzidai.

"Zile nilizitoa mimi, kwa kumpa mtu kadi na kumsomesha kifua. Hiyo ni ada. Nimelipa."

Benki hiyo haikueleza lolote kuhusu shauri lake. Msemaji wake aliliambia gazeti hili kwamba hawazungumzii akaunti ya mteja mmoja mmoja, na kwamba wateja wanakumbushwa kutunza kadi na namba zao. Kijana wa shati safi hajakamatwa.

Wengi wangefunga kesi hapo. Bi Pasi aliomba kwanza aone kilichoandikwa kwenye jalada lake. Ofisa aligeuza kioo cha kompyuta, naye akasoma taratibu, mstari kwa mstari, mpaka akalikuta: tukio linahusishwa na mtu wa nyumbani kwa mteja. Lilikuwa limeandikwa siku ile ya kwanza, kabla hata hajapewa karatasi ya kusaini.

"Hilo lifuteni."

"Mama, fedha si umepata? Mfumo hauruhusu kufuta."

"Mfumo uliandika wenyewe, au kuna mtu aliuandikia?"

Ofisa alisema atauliza makao makuu. Hiyo ilikuwa Alhamisi iliyopita.

Laki tano hazitoshi kodi ya awali ya chumba kingine kwa bei za sasa. Bi Pasi amekwisha kuona kimoja nyuma ya soko, kidogo kuliko cha kwanza, bomba liko nje lakini ni la peke yake, na wifi yake ameahidi kuchangia pesa ya kusuka kwa miezi minne ijayo. Watafua pamoja, na wamekubaliana mapema kwamba kila mmoja atakuja na ufagio wake.

Kesho ni Alhamisi, na kwa mara ya kwanza hatakwenda peke yake.

"Nataka yule ofisa anisomee ile sentensi mimi mwenyewe, huku ananitazama usoni," anasema wifi. "Akimaliza, aniambie amenionaje."

Na makao makuu yakikataa? Bi Pasi anasema kuna mamlaka ile ile iliyomsikiliza kuhusu fedha, na barua ya pili amekwisha kuiandika. Likizo yake ya mwaka bado hajaigusa, na benki ina kiti kizuri karibu na mlango.

Jioni hii ameweka blanketi juu ya meza ya sebuleni, anampigia wifi yake pasi gauni la kwendea. Wifi amesimama kando, anakagua kila mkunjo.

"Wifi, hapa begani mbona umepindisha?"

"Vaa hivyo hivyo," anasema Bi Pasi na kuchomoa waya ukutani. "Tunakwenda kugomba, hatuendi harusini."